Chura wa Pembe Atafutiwa Jina

Jumatatu, 6 Juni 2011
Mvua, siku ya kumi na moja. Kong Ibanri, yule dada mtaalamu wa vyura kutoka Shillong, katuambia chura wetu wa pembe kaitwa kimakosa miaka mia nzima. Afisa mmoja wa Kiingereza aliona vijipembe juu ya macho, akampa jina la chura wa Burma. Kumbe ni mwingine kabisa, na hana jina. Chai yangu ikapoa. Nilikuwa na miaka sita mama aliponionyesha chura huyu kijitoni, tukichuma majani ya tambuu. Alinikataza kumgusa pembe, eti ataona haya. Mama hakuacha hata picha. Chura lazima achukue jina la mama, Silbi.

Jumanne, 7 Juni
Shemeji yangu Kordor anataka liwe jina lake, kwa kuwa ndiye aliyemkamata. Kampelekea Kong Ibanri nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Mimi nikapeleka nanasi. Lilikuwa limeoza chini. Sikuona, kweli.

Jumatano, 8 Juni
Nimepata akili. Nimemshauri Kong Ibanri tumpe chura jina kama tunavyompa mtoto: pombe ya mchele idondoke kutoka kibuyuni huku majina yakisomwa, na jina ambalo likisomwa tone litakawia kuanguka, ndilo. Alifungua faili lake, akataka kusema jambo. Nikamkatiza: mila ni mila, Kong. Akalifunga. Akanionya kwamba jina likishachapishwa halibadilishwi, hata kama lina kosa. Kordor naye kakubali upesi. Mjinga yule.

Alhamisi, 9 Juni
Nusu kikombe cha asali ndani ya pombe. Nimejaribu jikoni mara tisa. Matone mawili huanguka, la tatu hung'ang'ania mdomoni mwa kibuyu. Msomaji ni mimi, na mama nimempanga wa tatu, baada ya jina la kijito na la Kordor. Mke wangu anauliza sisimizi wametoka wapi.

Ijumaa, 10 Juni
Kijiji kizima kilikuja. Baridi sikuihesabu. Asali ikawa nzito. Nikasoma jina la kijito, tone likaanguka. Nikasoma Kordor. Likaning'inia. Nikakohoa, nikatikisa kibuyu, wapi. Watu wakapiga makofi. Kordor akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Baadaye Kong Ibanri akaniita pembeni, akafungua faili. Ukurasa wa kwanza: Silbi. Alikuwa ameliandika tangu Aprili. Chura wa pembe wa zamani kuliko wote kwenye makumbusho ya Shillong, ndani ya chupa ya spiriti, ana kikaratasi: kaletwa na Silbi, 1958. "Nilitaka kukwambia Jumatano, Bah Teilang. Hukunipa nafasi." Nikamwomba turudie. Akasema kijiji kizima kimeshuhudia, atawaambia nini?

Nimekaa kijitoni mpaka nguo zikalowa. Mama hakuwahi kuniambia kuhusu ile chupa.

Jumapili, 12 Juni
Baada ya ibada Kong Ibanri kanifuata. Kijitoni kuna chura wa aina nyingine, mdogo, na yeye hana jina. Akasema yuko tayari kuandika Silbi leo leo, kimya kimya, bila sherehe.

Nimemwambia asubiri kwanza. Kordor lazima ashindwe mbele ya watu wale wale waliompigia makofi.