Siti ya Nyuma ya Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Julai

Ukungu tangu asubuhi. Vidole vimekufa ganzi. Lakini fremu ya gari imekamilika! Skwea paipu tupu, nimechomelea mwenyewe, wala haijapinda. Imepinda kidogo tu, upande wa kushoto, na watu watasimama kulia.

Zimebaki siku sita kufika Jumapili ya Mavuno. Nimeshatangazia kijiji kizima cha Mgwashi kwamba siku hiyo mama mkwe ataenda kanisani kwa gari langu. Mwaka wa kumi na moja huu tangu nimwoe Eliza, na kila Mavuno mama yake hupanda kirikuu, kile kigari cha mizigo cha Shukrani, aliyemwoa dada mtu. Mwanyumba wangu huyo hushuka akamfungulia mlango kama amembeba askofu. Mwaka huu atafungua mlango mtupu.

Jumatano, 16 Julai

Bodi imekaa. Mabati ya paa la jiko la zamani, nimeyanyoosha kwa nyundo. Injini ya pikipiki, usukani wa trekta. Siti mbili zilizoshikana, sponji ya godoro la wageni. Eliza hajajua habari za godoro.

Shukrani kapita. Akalizunguka gari mara mbili, mikono nyuma. Akauliza breki iko wapi. Nikamwambia mtu anayejenga hafikirii kusimama. Jibu zuri! Akacheka mpaka akalazimika kukaa kwenye siti. Siti ikamhimili, namshukuru Mungu.

Alhamisi, 17 Julai

Balaa! Eliza kaleta chai, akauliza mama atakaa wapi. Nikamwonyesha. Akauliza mimi nitakaa wapi. Nikamwonyesha.

Mtu na mama mkwe wake, bega kwa bega, kila kona wanaegemeana, mbele ya usharika mzima! Kwa Shukrani angalau mkewe hukaa katikati. Mimi mama mkwe humwamkia kwa mbali, macho chini. Miezi saba nachora na kuchomelea, hilo sikuliona.

Nimekata fremu katikati. Nimeongeza mita moja na nusu. Siti ya nyuma, peke yake, juu kidogo, heshima tupu. Eliza ameligundua godoro.

Jumamosi, 19 Julai

Gari limependeza. Kijani! Tatizo dogo: liko nyumbani. Nyumba yetu iko chini, barabara iko juu, katikati ni njia ya miguu yenye kona tatu. Lile fupi lingepita, nilipima. Hili refu limenasa kona ya kwanza, pua kwenye migomba, nyuma kwenye mlango wa choo cha jirani yetu Issa. Issa alikuwa ndani. Alivumilia sana, kwa kweli.

Shukrani alisimama barabarani kutupa ushauri. Wanakwaya wamekubali kuja alfajiri kulibeba, kama tunavyombeba mgonjwa kwa machela.

Jumapili, 20 Julai

Walikuja kumi na wawili. Begani! Wakapanda nalo wakiimba. Juu barabarani nikapiga kiki. Injini ikakohoa. Kiki ya ishirini ikanyamaza kabisa. Mama mkwe amesimama pale na kitenge kipya, anangoja. Shukrani akasema kwake nafasi ipo. Mama akapanda kirikuu. Nilitaka kulia, sifichi.

Wanakwaya wakasema kanisa si mbali, na wimbo ulikuwa umeshakolea. Wakalibeba tena. Tukaingia uwanjani watu wakishangilia, na mabega yalipochoka wakalitua palipokuwa na nafasi: mbele ya mlango wa kanisa, kati ya kabichi na maboga.

Hapo ndipo pa sadaka. Kinachotuliwa pale siku ya Mavuno ni cha Bwana, na baada ya ibada kinapigwa mnada. Mchungaji alishalibariki kabla sijapenya watu kufika mlangoni. Nikafungua mdomo nieleze. Ndipo mama mkwe akapiga vigelegele. Mama mkwe! Akawaambia kina mama wote kwamba mkwewe Alen katoa gari zima, wakati wengine wameleta mkungu wa ndizi. Mkungu ule ulikuwa wa Shukrani.

Nikafunga mdomo. Nikapunga mkono.

Kwenye mnada nilijaribu kulinunua. Mzee wa kanisa, Clemence, akanizuia, eti mtu hanunui sadaka yake mwenyewe. Likaenda kwa Shukrani.

Jumatatu, 28 Julai

Shukrani alilivuta mpaka kwa mama mkwe, akampa zawadi. Liwe banda la kuku! Sifa zangu zilidumu siku tatu. Sasa anayesifiwa ni Shukrani tena, kwa kumpa mama banda la kijani lenye taa.

Leo nimepita pale. Siti ya mbele kuku wawili, bega kwa bega. Siti ya nyuma mama mkwe, anachambua maharage. Nikamwamkia kwa mbali. Akaitikia, akasema siti laini, mgongo haumuumi, hukaa humo mpaka jua lizame. Akanipigia honi. Honi inalia!

Kwenye kirikuu hajawahi kukaa mpaka jua lizame. Nimerudi nyumbani naimba. Kosa langu nimelijua: gari lilikuwa dogo. La pili litakuwa na milango minne na keria juu. Nimeanza kuchomelea mchana huu, palepale chini, nyuma ya choo cha Issa, maana pana kivuli.

Eliza kaja, akaitazama fremu, akaitazama njia. Amerudi ndani kukalia godoro letu.