Mito ya Buluu kwa Heshima ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Mei
Habari kubwa! Mama mkwe anakuja Jumapili kukaa mwezi mzima. Ila hajaamua kama atakaa kwetu au kwa mwanyumba wangu, yule aliyemuoa dada wa mke wangu. Mke wangu kasema wazi: mama akienda huko, na yeye anamfuata, nami nitajipikia. Mimi! Juzi tu nimeunguza maji ya chai.

Mwanyumba kanunua makochi mapya, rangi ya krimu. Anayataja kila anapofungua mdomo, hata msibani. Sisi viti vyetu vina mito iliyopauka, yenye alama za chai na za vichwa. Nikaitazama weee, wazo likanijia: nitaitia rangi ya buluu! Nina vipaji, ni vile tu dunia haijanigundua.

Jumanne, 5 Mei
Muuza rangi ana maneno mengi. Eti nichemshe maji, nitie chumvi, niloweke foronya, kisha nisuuze mpaka maji yatoke safi. Nisuuze! Yaani nitie rangi halafu niitoe? Nikamjua, anataka nirudi kununua nyingine. Nikaziloweka kwenye maji ya bomba, ndani ya beseni la kuogea, nikazianika vilevile.

Buluu! Buluu ya kutisha! Na mikono yangu pia, mpaka viwiko. Mke wangu akauliza beseni limepatwa na nini. Nikasema limezeeka.

Jumatano, 6 Mei
Kazini nagonga mihuri dirishani. Bosi kaniita pembeni, kaniuliza kwa upole kama nimepima damu siku za karibuni. Nikasema ni wino wa mihuri. Sasa wenzangu wote wamegoma kushika mihuri.

Jioni nikaivalisha mito. Mke wangu kasimama mlangoni, kashika mdomo, kisha kanikumbatia. Akasema leo na sisi tuna sebule! Nimetembea kifua mbele mpaka jikoni na kurudi, nikaenda tena.

Ijumaa, 8 Mei
Mwanyumba kaja kupeleleza. Eti alikuwa anapita. Kavaa suruali nyeupe, imepigwa pasi mpaka inakata. Joto kali, jasho linamtiririka, naye kajibwaga juu ya mto mpaka chai ikaisha. Akasema si mibaya, kwa mito ya zamani. Aliposimama nikaona. Makalio mawili ya buluu! Nikamsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, nikampungia mkono. Mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Jumamosi, 9 Mei
Raha iliyoje! Kumbe alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye kochi lake la krimu. Limechapwa buluu lote! Shemeji kampigia dada yake simu analia.

Mke wangu hakucheka. Kapitisha kiganja juu ya mto wetu, akakitazama, akanitazama mimi. Nikakumbuka kwamba mkate umeisha, nikatoka kwenda dukani.

Jumapili, 10 Mei
Mama mkwe kafika. Kaanzia kwa mwanyumba, kaliona kochi. Kaja kwetu, kagoma kukaa kabisa, kazungumza akiwa wima. Kasema alidhani ameoza mabinti zake kwa watu wazima. Kawachukua wote wawili, warudi naye kwake mwezi mzima. Mke wangu kaondoka bila kugeuka nyuma. Nimeumia, nisiseme uongo. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Jumatatu, 11 Mei
Mwanyumba kahamia kwangu na begi lake. Kupika naye hajui. Tumekula mkate mkavu huku tumenuniana, halafu tukauona: mtandio wa mama mkwe, kausahau nyuma ya mlango. Mweupe pee, hauna hata ua moja!

Mwanyumba anataka tuutie kijani. Hajui kuchagua rangi huyu. Nimemwambia zambarau, na kesho tunampelekea wenyewe, tumwombe radhi. Ataupenda mpaka aturudishie wake zetu. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine unakoroga.