Kunyimwa Upweke Bandarini Semarang

Wonosobo, Jumatano

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa wa Bandari ya Kale, Semarang,

Kwa heshima na taadhima, natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio nyumbani mwako. Mimi ni Sri Murwani, mwalimu mstaafu, mjane, umri miaka sitini na mitatu, na magoti bado yananitii. Nakuandikia kuwashtaki watu wa mtaa wako. Wamenitendea wema ambao siwezi kuuvumilia.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanangu Wicaksono anaishi Jakarta, ghorofa ya kumi na tisa. Tangu baba yake afariki amenishikia bango niuze nyumba yangu nihamie kwake. Kila akipiga simu ni hilo hilo: "Mama, huwezi kuishi peke yako." Tukabishana hadi tukapatana: nikizunguka mji mwingine kutwa nzima peke yangu, nikamtumia picha za ushahidi, hataitaja tena nyumba. Nikachagua bandari yenu. Miaka thelathini nimewafundisha watoto habari za meli zake, wala sikuwahi kuitembea. Sasa sikiliza yaliyonikuta.

1. Nilishuka basi saa tatu asubuhi. Sijapiga hatua ishirini, muuza lumpia mmoja aliyekuwa akikaanga vitafunio vyake hivyo, Bu Kasmirah, akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamjibu kama tunavyojibu sote, kwamba natembea tu. "Peke yako? Masikini wee! Na mumeo?" Nikasema ni marehemu. Basi, Mheshimiwa, yule mama alimwachia dada yake kikaango kikiwa bado motoni, akachukua mwavuli, akanishika mkono.

2. Mbele ya kanisa lenye kuba nilimwomba Pak Tugiman, dereva wa baiskeli ya abiria, anipige picha nikiwa peke yangu. Akampa simu mpita njia, naye akaja kusimama kando yangu pamoja na abiria wake wawili! Nilipolalamika akanishangaa. "Bu, picha ya mtu mmoja ni ya kuweka kwenye msiba. Hebu cheka!" Nikacheka. Ndiyo picha ya kwanza ya ushahidi.

3. Kwenye kichochoro cha maghala maji ya bahari yalikuwa yamepanda hadi kwenye vifundo vya miguu. Nilitaka kulowa mwenyewe, kimya kimya, nikiwaza mambo ya kale. Wapi! Wanaume wanne walinikalisha kwenye kiti cha plastiki wakanibeba juu juu kama bibi harusi, Bu Kasmirah akinifunika mwavuli na kuwapigia kelele, "Taratibu, huyo ni mwalimu!"

4. Kufikia adhuhuri tulikuwa kumi na wawili, na mimi mgeni ndiye niliyekuwa naulizwa tuelekee wapi. Nikaona isiwe tabu, nikajificha chooni msikitini walau nipate robo saa ya upweke wangu halali. Dakika ya tatu mlango ukagongwa. "Bu, uko salama? Usiwe na wasiwasi, bado tupo!" Huo ndio uliokuwa wasiwasi wangu.

5. Hili limeniuma kweli. Jioni walinisindikiza kwenye basi wakanipakatisha samaki sita waliopikwa hadi miba ikalainika, wakasema ni wa kupelekea watu wa nyumbani. Mheshimiwa, nyumbani niko mimi. Nililia hadi tukavuka milima, na abiria wa kiti cha pili naye akahamia kwangu kunibembeleza.

Nina picha arobaini na tatu na zote zimejaa watu. Mwanangu akiziona nyumba yangu imekwenda. Kwa hiyo naiomba ofisi yako, kwanza, iwakataze wakazi kumuuliza mgeni anakwenda wapi. Pili, itenge benchi moja lenye ukuta pande zote. Tatu, na hili ni la haraka, inipe cheti chenye mhuri kuthibitisha kuwa siku hiyo nilikuwa peke yangu, kikisainiwa na wote kumi na mmoja niliokuwa nao.

Msalimie Bu Kasmirah, dada yake na kile kikaango. Msalimie Pak Tugiman na abiria wake, kama alishawafikisha walikokuwa wakienda. Waambie wabeba kiti kwamba mgongo wangu haujambo, nawaombea na wao.

Wako mtiifu na mwenye hasira,
Sri Murwani

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Wicaksono amepiga simu. Picha zote nilimtumia, maana ahadi ni ahadi, naye ameziona. Akauliza, "Mama, hawa wote ni kina nani?" Nikasema ukweli: siwajui. Kisha akasema niendelee kukaa nyumbani kwangu, hana neno tena. Na kwamba yeye amekaa ghorofa ile miaka sita, na hata siku moja hakuna jirani aliyemuuliza anakwenda wapi. Basi cheti sikitaki tena, na habari ya benchi achana nayo. Jumamosi saa tatu asubuhi atashuka basi hapo kwenu, mrefu, miwani, begi jeusi. Anakuja peke yake. Nakuomba sana, Mheshimiwa, asibaki hivyo hata hatua ishirini.