Mgeni wa Chumba 907

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu amekubali! Miaka kumi ya ndoa tutaisherehekea kwa siku tano katika lile jiji kubwa la Asia lililo kwenye kalenda ya duka la miwani ninakofanya kazi: mnara, mahekalu, mto uliojaa mashua, watu kama siafu. Nimeandika ratiba nyuma ya karatasi ya vipimo vya macho. Siku ya kwanza mnara. Ya pili mto. Ya tatu soko la taa. Kupumzika hakuna.

Jioni akaja shemeji, kaka yake mke wangu. Alikwenda huko mara moja, siku tatu, na tangu hapo hatujapumua. Mimi humwita Bwana Pasipoti. Akasema hoteli nzuri ni ile ya ukingoni mwa mto, ila wageni wapya hupewa vyumba vinavyotazama ukuta. Vya kutazama mto ni vya wageni wa zamani. Akaniambia kwa huruma kwamba ukuta nao si mbaya, mtu huzoea.

Mimi nitazame ukuta? Alipotoka tu nikawaandikia hoteli kwamba mimi ni mgeni wao wa zamani, nilikaa kwao mwaka jana, ghorofa ya tisa, nikafurahi mno. Ukweli ni kwamba hata ndege sijawahi kupanda. Lakini nani anakumbuka wageni wa mwaka jana?

Jumatano, 6 Machi

Wamejibu! Tena kwa Kiswahili safi, chenye alama za mshangao kila mahali, kama ninavyoandika mimi. Wananikumbuka vizuri. Chumba 907. Kiti changu bado kiko dirishani. Wanauliza kama kikohozi kimepungua. Walihangaika kidogo, wanasema, kwa sababu kwenye fomu sikujaza siku ya kuondoka.

Nimeisoma mara tatu. Nikakohoa kama kawaida yangu, viwili vifupi na kimoja kirefu. Nani kawaambia habari za kikohozi? Bwana Pasipoti, hakuna mwingine. Anataka kunitisha niishie ukutani. Hanijui! Nimejibu kwamba sijambo, ahsante, ila nilisahau miwani yangu chumbani kwao. Hoteli ikiona aibu hutoa kifungua kinywa bure.

Jumamosi, 9 Machi

Leo kaandika mwenye mashua. Sikuwa nimemwandikia. Anasema atanitunzia kiti cha mbele nilichokipenda, ila safari hii nisisimame tukipita chini ya daraja. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, anasoma.

Aliuliza nilikwenda lini. Akajijibu mwenyewe: ile wiki ya mwaka jana niliyosema namuuguza shangazi.

Basi nikasema kweli, jambo nisilolizoea. Shangazi hakuumwa. Nilijificha kwa rafiki yangu fundi bomba ili nisipake nyumba rangi. Mke wangu aliipaka peke yake, akaanguka kutoka mezani, akateguka mguu. Nilidhani kweli itaniokoa. Alinitazama kama mteja wangu anavyotazama herufi za mstari wa mwisho. Akasema akili nyingi huondoa maarifa. Akataka kujua mwanamke niliyekwenda naye ni nani. Nisipothibitisha kwamba sijawahi kukanyaga huko, safari haipo, na huenda na ndoa haipo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imevuka bahari!

Jumanne, 12 Machi

Kifurushi kimeletwa dukani. Ndani yake miwani.

Mimi ni fundi wa miwani mwaka wa kumi na nne, na kinyozi hajinyoi: yangu mwenyewe nimeifunga bawaba kwa uzi wa bluu badala ya skrubu. Miwani ya kwenye kifurushi imefungwa uzi wa bluu. Fundo ni langu, lile la kizembe, mwenye duka amelitambua kabla yangu. Yangu ilikuwa puani.

Nikaiweka kwenye mashine ya kupimia lenzi. Namba ni zangu, jicho la kulia na la kushoto, ila zimepanda kidogo, kama macho yangu yatakavyokuwa baada ya miaka miwili hivi. Na mikono imelegea kwa kuvaliwa sana. Niliogopa, naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu.

Kisha nikaijaribu. Naona vizuri kuliko zamani! Nimerudi nyumbani nimeivaa. Kosa. Mke wangu aliuliza ni ile niliyoisahau huko? Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilimsikia akilia. Nilisimama pale mlangoni na miwani miwili, moja puani, moja mfukoni.

Alhamisi, 14 Machi

Mpango mpya, na safari hii hauna tundu. Nimepiga simu hotelini mchana huu, nimefungua spika, mke wangu kakaa mbele yangu asikie. Nikamwambia wa mapokezi atamke wazi kwamba sijawahi kufika kwao.

Akajibu kwa upole kwamba hawezi kusema hivyo. Mgeni wa 907 yuko hapo hapo, anakunywa chai. Je, tungependa kuzungumza naye?

Kiti kilisogezwa. Kikohozi: viwili vifupi, kimoja kirefu. Midomo yangu ilikuwa imefungwa, naapa. Kisha sauti yangu ikatoka ndani ya simu ikasema, "Nahodha, hujambo?"

Hilo jina namwita mke wangu mimi tu, tukiwa wawili. Mke wangu akashika meza. Sauti ikamwomba radhi kwa ile wiki ya rangi. Ikauliza mguu wake ukoje siku za baridi. Ikasema hapo dirishani mashua hupita kutwa, lakini imechoka kutazama mto peke yake, inataka kurudi nyumbani. Ikalia. Mjigambaji mkubwa! Miaka kumi mimi sijamwomba radhi hata mara moja, na mambo yalikwenda.

Mke wangu alisema taratibu, "Rudi basi." Alikuwa akiiambia simu. Mimi nilikuwa mbele yake, nimevaa soksi moja, hakunitazama.

Jumamosi, 16 Machi

Ndege yetu ni leo saa kumi. Asubuhi hoteli imeandika kwamba mgeni wa 907 ameondoka hatimaye, na chumba kinasafishwa kwa ajili yangu.

Mke wangu hakufunga begi. Amebadilisha mashuka, amesuka nywele. Akaniambia niende tu, yeye ana mgeni. Iliniuma. Nilikaa kitandani nikajiambia: vua hiyo miwani, piga magoti, omba radhi, hata sasa hujachelewa. Nikafungua mdomo.

Hapo nikasikia ngazi. Hatua zangu, na ule mguu wa kushoto ninaouburuta kidogo. Kikohozi. Mke wangu alikimbilia mlangoni kama msichana.

Na mimi, badala ya kufa kwa hofu, akili ikanijia! Jumatatu huyu ataenda dukani. Jumapili atamsikiliza Bwana Pasipoti. Atapaka rangi. Na 907 iko tupu, inatazama mto! Nikatokea mlango wa jikoni na begi langu. Nyuma yangu nikasikia mke wangu akicheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau. Nilisimama kidogo. Kisha nikaenda.

Niko uwanja wa ndege. Nimewaandikia hoteli kwamba ninakuja peke yangu, na kwa kuwa hii ni mara ya pili, je, hakuna chumba chenye roshani? Wamejibu papo hapo: roshani ipo, nijaze fomu tu.

Nimejaza. Jina, kazi, kikohozi. Chini kabisa wanauliza siku ya kuondoka. Nani ana haraka? Nimeacha wazi.