Jogoo Niliyempeleka Kamati ya Nidhamu

Leo nimeumbuka. Tena si sokoni wala kilabuni, ambako mtu anaumbuka na kesho yake watu wamesahau. Nimeumbukia chuo kikuu, mbele ya madaktari ambao hawajawahi kumchoma mtu sindano. (Nimeelezwa leo hii kwamba ni madaktari wa kusoma. Sijaelewa bado.)

Naandika nikiwa kwa rafiki yangu Hajji Twaha, fundi cherehani, hapa Hamugembe. Nyumbani Rubya sijarudi. Sababu mtaiona.

Wengi humu kwenye kundi mnanijua. Mimi ni darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Lakini pikapu ninayo, shamba la kahawa ninalo, na binti yangu Kemilembe anasoma chuo kikuu hapa Bukoba. Wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko. Nikianza kulisema hilo kanisani hata mchungaji hukaa chini akasubiri nimalize.

Sasa jana nikampigia simu, nikamwambia kesho aje nyumbani, shangazi yake anakuja. Akanijibu kwa sauti ya chini:

"Tata, kesho siwezi. Nina kikao cha kamati ya nidhamu."

"Kikao cha nini?"

"Cha nidhamu, Tata. Ila usiniulize mambo yake. Siruhusiwi kusema."

Akakata.

Jamani! Ungekuwa wewe ungeelewa nini? Mtoto ana kikao cha nidhamu, anaongea kwa kunong'ona, hataki kusema. Mimi nilielewa kitu kimoja tu. Wanamfukuza.

Usingizi sikuupata. Nikaanza kufikiri namna ya kumwokoa. Na kwetu namna ipo, wazee wenzangu mnaijua. Mtoto wako akiitwa mbele ya wazee, wewe baba huulizi kafanya nini. Kuuliza ni kujifanya mwema, ni kama kusema mwanangu hawezi kukosa. Unatangulia kabla kesi haijasomwa. Unabeba akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, na kitu chenye manyoya. Unashuka chini, unasema kosa ni letu. Na hapo unakiri mengi kuliko aliyoyafanya, ili kosa lenyewe likija kutajwa lionekane dogo. Wazee wanatafuna kahawa, joto linashuka, adhabu inakuwa nusu. Hivyo ndivyo nilivyomwokoa kaka yake, yule aliyegonga ng'ombe wa padri kwa pikipiki.

Asubuhi nikamkamata jogoo. Yule mweupe mkubwa. Mke wangu akatoka jikoni.

"Unampeleka wapi huyo?"

"Kumwokoa mwanao."

"Kafanya nini?"

"Hilo haliulizwi."

"Kemi? Kemi huyu ambaye tangu azaliwe hajachelewa hata shule ya Jumapili?"

"Ndio hao hao," nikamwambia.

"Mpigie kwanza umuulize."

Nikapiga. Simu imezimwa. Nikamwambia unaona? Wameshamnyang'anya simu. Mama wa watu akarudi jikoni. (Kumbe alikuwa anafikiri. Mimi nilidhani nimeshinda.)

Basi nikashika barabara. Muleba nikapita, Kemondo nikapita, jogoo yuko kiti cha mbele kwa heshima. Hamugembe nikamchukua Hajji Twaha. Kwenye mambo haya huendi peke yako, lazima uwe na mtu wa kukushuhudia, na Hajji anaujua mji, tulianza naye zamani kwa kuuza ndizi. Akatoka na kanzu imepigwa pasi. Akamweka jogoo mapajani.

"Kosa lenyewe nini?" akauliza.

"Sijui."

"Itakuwa mtihani. Siku hizi wanaandika majibu mapajani hawa."

"Kemi hawezi."

"Basi ni fujo. Au amemjibu mkubwa. Amerithi mdomo wako huyo."

Njia nzima ananitajia makosa. Tunafika chuoni, mimi kichwani mwanangu ameshachoma bweni.

Getini mlinzi akatusimamisha.

"Mzee, huyo jogoo vipi?"

"Ni wa kamati ya nidhamu."

"Wa kamati?"

"Wa kamati."

Akamtazama jogoo, akatutazama sisi, akaandika. (Kumbukeni hilo. Aliandika.) Akatuonyesha jengo la utawala, tupande ngazi juu.

Nje ya mlango wa kikao kuna benchi, na kwenye benchi kuna binti amejiinamia analia. Nikamwonea huruma. Nikampa punje za kahawa, nikamwambia, "Usilie, mjukuu wangu. Hata mimi nimeletwa hapa na mtoto." Akazishika tu mkononi, hakujua azifanyie nini.

Hajji akagonga mlango. Sikungoja kuitikiwa. Ukingoja, kesi inaanza.

Nikaingia. Meza ndefu. Watu na makoti yao wameizunguka, maji ya chupa mbele ya kila mtu. Na mwisho wa meza, mwanangu Kemilembe. Amevaa koti jeusi, kakaa kwenye kiti kikubwa, na yeye ana maji.

Moyo ukanilipuka. Kwetu mkosaji anakaa chini kwenye nyasi. Wamemkalisha mezani kabisa, wamempa na maji! Nikasema hapa kosa ni kubwa mno, hata nyasi hazitoshi.

Nikapiga magoti. Mimi! Mimi ambaye diwani akija kwangu tunasalimiana kila mtu amesimama. Nikatoa ile salamu ya wakama, wafalme wetu wa zamani:

"Kasinge, waitu!"

Mama mmoja mwenye miwani, mwenyekiti wao, akasema, "Mzee, inuka tafadhali. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye kosa. Huyu ni damu yangu." Nikamnyooshea Kemi kidole.

Wote wakageuka kumtazama.

"Tata!" Kemi akasema.

"Nyamaza, mwanangu. Wakubwa wanaongea."

"Tata, subiri kwanza..."

"Mnaona?" nikawaambia. "Mdomo. Huo ameutoa kwangu, nisameheni mimi."

Hajji naye, mtu wa vitendo, akaanza kuizunguka meza na kijikapu cha kahawa. Wengine wakawa wanaitazama kama dawa ya panya. Lakini alikuwepo mzee mmoja mwenye mvi, mtu wa kwetu kabisa, yule hakujiuliza. Mkono ukaenda wenyewe. Akatia mdomoni, akaanza kutafuna, na uso ukalainika. Nikajipa moyo. Nikasema joto linashuka.

Nikaanza kukiri.

Nikasema mtoto huyu tangu mdogo ana mkono mwepesi. Nikasema alikula senene za jirani zilizoanikwa, akasingizia kuku. (Hilo ni kweli.) Nikasema aliwahi kumpiga teke mbuzi wa mchungaji. (Hilo ni kaka yake, na ni ng'ombe, na ni padri. Lakini unapokiri unaendelea tu.) Kijana mmoja pembeni, karani wao, anaandika kila neno. Nikaona wananisikiliza vizuri, nikaongeza la mwisho, la kumaliza kazi.

"Na hata darasa la saba," nikasema, "mimi baba yake sijui alifaulu vipi. Nadhani alitazamia."

Jamani, humu ndani ni wangapi mnaojua sauti ya watu wasomi wanapoacha kupumua?

Mwenyekiti akavua miwani. "Mzee wangu. Nani amekuambia binti yako ana kosa?"

"Ameitwa na kamati ya nidhamu."

"Hakuitwa. Huyu ni mjumbe wa kamati. Wanafunzi wenzake wamemchagua awawakilishe. Leo tunasikiliza shauri la mwanafunzi mwingine, yuko hapo nje kwenye benchi. Anatuhumiwa kutazamia mtihani."

Nikamtazama Kemi. Kemi alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Hajji alikuwa amesimama katikati ya chumba na kijikapu chake. Jogoo alikuwa ametulia kwapani mwake, hajatoa hata sauti. Katika sisi watatu tulioingia, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na nidhamu.

"Basi," Hajji akasema, "kama hakuna kosa, tafuneni tu. Kahawa haina kesi."

"Ina kesi," mwenyekiti akasema. "Hizi ni zawadi kwa kamati kutoka kwa mzazi wa mjumbe, na shauri liko mezani. Nani amepokea?"

Yule mzee wa mvi akaacha kutafuna. Shavu limevimba. Hajui ameze, hajui ateme. Akaitazama chupa ya maji, akanitazama mimi, kama mtu anayeomba radhi kwa pande mbili. Mwisho akanyanyua mkono taratibu kama mtoto wa shule. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi.

Tukatolewa nje. Tukakaa benchi moja na yule binti. Akauliza, "Babu, huko ndani wakali?" Nikamwambia sijui, mimi nilipiga magoti mapema.

Baada ya muda Kemi akatoka. Alikuwa na macho ambayo mama yake huwa nayo akikuta mlango wa jiko umeachwa wazi.

"Tata. Nilitazamia darasa la saba?"

"Hapana, mwanangu. Wewe ulikuwa wa kwanza shule nzima."

"Sasa kwa nini umesema?"

"Nilikuwa nakuokoa."

"Kutoka wapi?"

Nikamuuliza na mimi, "Kwa nini ulinong'ona kwenye simu?"

"Nilikuwa maktaba, Tata! Na mambo ya kamati ni siri. Na simu leo tunazima zote kabla ya kikao."

Hajji akakohoa. Nikamwambia akohoe kimyakimya.

Kemi akanieleza. Shauri limeahirishwa. Yule mzee wa mvi amejitoa kwa sababu ya kahawa. Naye Kemi mwenyewe amesimamishwa ujumbe kwanza, na wiki ijayo ataitwa ajieleze kama alimtuma baba yake na zawadi. Na kwa sababu imeandikwa kwenye muhtasari, atalieleza na hilo la darasa la saba.

"Utaitwa na nani?" nikauliza.

"Na kamati ya nidhamu, Tata."

Jamani, nisaidieni. Asubuhi mtoto alikuwa hana kosa. Nikaenda kumwombea msamaha wa kosa ambalo halipo. Sasa kosa lipo. Kosa ni mimi. Nimezunguka na hilo jambo kichwani mchana wote, sijapata mahali pa kulishikia.

"Nitakuja niwaeleze," nikamwambia. "Nitasema ni mimi, wewe hukujua kitu."

"Utaitwa, Tata. Wewe ndiye shahidi." Akaanza kulia, halafu katikati ya kulia akacheka, halafu akakasirika kwamba amecheka. "Ulipiga magoti," akasema. "Mbele ya watu wote wale. Wewe."

"Nilidhani wanakufukuza."

Akanishika mkono, akaubana, akarudi ndani. Yule binti wa kwenye benchi, ambaye shauri lake limesogezwa, akaniambia, "Asante, babu." Asante ya nini? Hata hilo sijalielewa. Lakini aliondoka anatafuna kahawa.

Nikasema angalau niondoke na jogoo wangu. Tukafika getini.

"Huyo hatoki," mlinzi akasema.

"Ni wangu!"

"Mzee, ulisema ni wa kamati. Nimeandika wa kamati. Mali ya kamati haitoki bila kibali cha kamati."

"Nilisema uongo."

"Basi hilo nalo nitaliandika?"

Hajji akanivuta mkono kabla sijakiri lingine. Tulivyoondoka jogoo amefungwa mguu kwenye nguzo ya geti. Nasikia wiki ijayo ataletwa ndani kama kielelezo.

Mke wangu amepiga simu jioni hii. Hakusalimia. Alisema, "Kemi kanipigia. Ulimuuliza kafanya nini?" Nikajifanya mtandao unakatika. Akaendelea tu, "Na jogoo wangu yuko wapi?" Hapo mtandao ukakatika kabisa. (Niliukata.)

Ndiyo maana leo nalala Hamugembe. Hajji amemsimulia kila mteja aliyekuja kupima nguo, na kila akisimulia magoti yangu yanakaa chini muda mrefu zaidi.

Wiki ijayo nakwenda kutoa ushahidi. Kemi amenipa masharti: nije mikono mitupu, nikae kwenye kiti, nijibu nilichoulizwa tu. Maisha yangu yote hayo matatu sijawahi kuyafanya kwa siku moja. Lakini jina ni la mwanangu, na mimi ndiye niliyelichafua, kwa hiyo nitayafanya.

Wenye watoto chuoni, nawaomba msinicheke, bado mna safari. Mtoto akikuambia ana kikao, wewe muulize tu amekaa upande gani wa meza.