Luhende na Ruhende

Redio ya Modesta, muuza kahawa wa mtaa wa Pasiansi, ilikuwa imetangaza kwamba mwombaji wa pasipoti aliyezaliwa nje ya nchi, akidai uraia kwa kurithi, alete cheti chake cha kuzaliwa pamoja na cha mzazi wake Mtanzania.

"Mimi nimepeleka vyote, wamenirudisha," alisema Shigela. Dereva huyu alizaliwa Kisumu, baba yake alipokuwa kuli wa meli. Sasa amepata kazi ya lori la Kigali, na bila pasipoti kufikia Ijumaa, usukani atapewa mwingine.

"Kosa nini?" aliuliza Ojuok, tuliyembatiza Bunge kwa kuwa hakuna hoja asiyoichangia.

"Cheti changu kinasema baba ni Ruhende. Chake kinasema Luhende. Afisa kasema hao ni watu wawili."

"Lo! Kumbe mama alikuwa na siri!"

"Koma, Bunge!" Mzee Luhende mwenyewe, aliyeketi mwisho wa benchi, aliinua bakora. "Karani wa Kisumu ndiye aliyevuruga!"

"Shikamoo, mzee, nimekoma. Lakini Shigela, si ungempeleka mzee wakamwona? Pua hiyo ni nakala halisi, haihitaji hata mhuri!"

"Nilimpeleka. Afisa akasema binadamu si kiambatisho."

Benchi zima liliangua kicheko. Shigela hakucheka.

"Uraia wa damu," alisema Ngosha, fundi baiskeli, akitikisa kichwa, "kumbe wanapima ulimi! Kwa mtindo huo nusu ya sisi Wasukuma, tunavyochanganya L na R, ni wageni."

"Baba," Shigela alisihi, "wakili anasubiri. Uape tu kwamba Luhende na Ruhende ni mtu mmoja."

"Siapi! Jina nilipewa na babu yangu. Aliyekosea ndiye aape. Huyo Ruhende simjui, wala sijawahi kuitwa hivyo!"

Bunge aliinuka taratibu, akazunguka nyuma ya benchi, akaita kwa sauti ya heshima, "Mzee Ruhende!"

"Naam!" aliitikia mzee, akageuka.

Modesta alimwaga kahawa kwa kucheka. Mzee alimtazama Bunge, kisha akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa amekwisha kusimama na bahasha yake kwapani.

"Haya, twende huko kwa wakili," alisema, akijizoazoa. "Lakini sahihi siweki. Nitatia dole gumba. Dole halina L wala R."