Ombi la Kumfelisha Mwanangu Winifrida, Anayesomea Vilio

Edeltruda Ndunguru,
Parokia ya Mapera,
Mbinga, Ruvuma.

Kwa Profesa Mkuu,
Idara ya Lugha na Fasihi ya Kiayalandi,
Chuo anachosoma Winifrida,
Ayalandi.

Mpendwa Profesa,

Tumsifu Yesu Kristo. Kama wewe si wa upande huo, basi pokea habari za asubuhi, zimetoka moyo uleule. U hali gani na baridi ya huko? Winifrida anasema mvua yenu haina msimu, inanyesha tu kama mtu asiye na kazi. Pole sana. Na magoti je? Nauliza magoti kwa sababu nadhani mtu hafiki uprofesa akiwa bado nayo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baba Winifrida, mzee Placidi, mgongo unamsumbua tangu tuanze kuchuma kahawa, na Bibi Valeria, mama mkwe wangu, ambaye haumwi chochote ila anapokea pole za wote.

Jina lako sikuliandika hapo juu, na si kwa dharau. Winifrida alinionyesha. Herufi ni nyingi, zinazosomwa ni chache, zilizobaki nadhani ni za heshima. Nikaogopa nisije nikamwita mtu mwingine.

Nakuandikia kwa Kiswahili maana nimeambiwa idara yako inatetea lugha za watu zisifedheheshwe na Kiingereza. Hapo nilifurahi. Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, na kilikuwa bado hakijaanza. Ila nakuomba usimpe Winifrida kazi ya kuitafsiri barua hii. Tafuta Mtanzania mwingine, hawakosekani, wamejaa kila mahali penye baridi.

Sasa nisikuzungushe. Naomba umfelishe mwanangu.

Najua wazazi wengine wanaomba kinyume chake. Hata mimi nilikuwa hivyo. Tangu mtihani wake wa darasa la nne hadi chuo kikuu cha Dar es Salaam nimesali novena, na zote alifaulu, kwa hiyo najua kule juu kuna anayesikiliza. Kwa hili la sasa nimeona haya kumpelekea Mama Bikira Maria, ndiyo maana nalileta kwako. Mwaka huu anamaliza shahada ya uzamili. Ulimwambia tasnifu yake ikifaulu vizuri utampokea kwa uzamivu, miaka minne mingine. Ikianguka, anarudi nyumbani. Sababu zangu ni hizi.

1. Tulidanganywa. Alipopata nafasi ya kuja huko tulikaa sengu, yaani kikao cha ukoo wetu Wamatengo, ambacho watu hula kwanza ndipo waseme, ili asiwepo wa kutoa maneno makali kwa sababu ya njaa. Winifrida akasimama, akasema anakwenda kusoma lugha na fasihi ya huko. Sote tukaelewa Kiingereza. Katekista Nazari aliyeibariki safari alielewa Kiingereza. Nani angefikiri Mzungu ana lugha nyingine ameificha nyumbani? Placidi alishapanga binti akirudi atakaa karibu na wanunuzi wa kahawa wa nje, awasikilize wanachonong'ona kuhusu daraja la kahawa yetu. Kumbe mlimpeleka kijijini, pwani ya magharibi, kwa bibi mmoja asiyetaka kusikia Kiingereza ndani ya nyumba yake, afundishwe majina ya mawe na mawingu. Profesa, mtoto apande ndege aende kukaa na bibi kijijini asiyetaka Kiingereza? Bibi wa hivyo ninaye hapa jikoni.

2. Mnatoa shahada kwa kosa. Winifrida amenisimulia kwamba zamani watoto wa huko walivikwa kijiti shingoni. Mtoto akiteleza akasema lugha ya nyumbani, kijiti kinachongwa alama, na jioni alama zinageuka viboko. Niliposikia nilicheka hadi Placidi akaja kuniangalia. Sisi shuleni tulivikwa kibao kwa kusema Kimatengo. Mimi nilikivaa sana, mpaka mama yangu akauliza hiyo skapulari ni ya chama gani cha kitume. Leo mnatoa shahada ya uzamili kwa jambo nililochapiwa fimbo. Ikiwa ndivyo, mimi nilistahili uprofesa tangu darasa la tatu, na naomba suala hilo nalo liangaliwe kwa wakati wake.

3. Mmeniharibia mama mkwe. Kila Jumapili baada ya misa Winifrida anapiga simu kumrekodi bibi yake. Majani tunayoyalaza kabla ya kuchimba ngoro, yale mashimo ya mashamba yetu ya mteremkoni, yanaitwaje? Mvua ya kwanza inaitwaje, na ile inayokuja kudanganya? Eti bibi wa Ayalandi naye ana maneno ya namna hiyo, yasipokusanywa yanazikwa naye. Tangu hapo Bibi Valeria hapepeti maharage. Nikimwambia, "Mama, nisaidie kidogo," ananijibu, "Mama Winifrida, mimi sasa ni chanzo." Neno hilo kafundishwa na mwanafunzi wako. Wiki iliyopita kwenye jumuiya, katekista Nazari alikuwa anafafanua Injili kwa Kimatengo, Bibi akamkata: "Hilo neno la Wangoni, Nazari. Kaa kwanza." Nazari akakaa. Injili ikamaliziwa na Bibi, na mwisho haukuwa ule ninaoufahamu mimi.

4. Hii ilipaswa kuwa ya kwanza, ila sikutaka ukasirike mapema. Ni kuhusu somo lenyewe. Nimeeleweshwa kwamba tasnifu inahusu mashairi ya wanawake waliokuwa wakiomboleza wafu kwa Kiayalandi. Yaani mwanangu anasomea kulia msibani. Placidi akiulizwa stendi ya Mbinga binti anasomea nini, anajibu "mambo ya kimataifa" na kuanza kutafuta bodaboda hata kama hana anakokwenda. Kulia, Profesa! Kwetu jambo hilo halina mtihani wa kujiunga. Nilimweleza Abdulmalik, mwenye duka la simu pale stendi, mtu mwema, asili yao Kilwa. Akashika kofia yake. "Mama Winifrida, dini yetu inatukataza kupiga mayowe msibani, nyinyi mnayatolea digrii?" Nikamweleza katekista Nazari, naye akasema Mkristo anayemlilia maiti kwa makelele hana matumaini ya ufufuko. Ndiyo siku pekee niliyosikia msikiti na kanisa vikikubaliana, na waliyekubaliana juu yake ni mwanangu. Nilipomweleza Winifrida akasema hata huko mapadre walikataza, na wanawake wakaendelea kulia. Akasema ndiyo maana anawapenda. Alipokufa mama yangu mzazi nililia hadi kilima cha pili wakasikia, na padre alikuwa amesimama pembeni yangu na maji ya baraka.

5. Mambo ya simu. Mwezi uliopita alifariki jirani yetu mzee Edmund. Winifrida alipokuwa mdogo alishinda kwake, akitambiwa hadithi. Tumekaa msibani, wanawake wote mkekani, mmoja akanichokoza, "Mama Winifrida, yule msomi wa vilio mbona hatumsikii?" Wengine wakajificha nyuma ya vitenge wacheke. Aibu ikanipanda. Nikapiga simu, nikaiweka mkekani na spika yake, nikasema, "Winifrida, babu Edmund ametutoka. Wenzangu wanataka kusikia unachosomea."

Kisha akalia kwa Kiayalandi.

Sina elimu ya kukueleza ilivyokuwa, na wewe ndiye mwenye idara. Sauti ilianza chini kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani, ikawa inasimama, inapumua, inapanda tena. Wale waliokuwa wakicheka wakashusha vitenge. Mjane akainua kichwa, akauliza, "Anasema nini huyo?"

Simu ikajibu, "Namgombeza, bibi. Namuuliza babu kwa nini ameondoka kahawa ikiwa nyekundu mitini. Nani atachuma?"

Mjane akapiga kiganja chini. "Muulize tena!"

Akamuuliza tena, safari hii kwa Kimatengo, na kwa maneno ambayo sijayasikia tangu bibi yangu mwenyewe azikwe. Ni yale anayopewa na Bibi Valeria siku za Jumapili. Mkeka mzima ukaitikia. Nazari alikuja mbio kutuliza makelele, akafika mlangoni, akavua kofia, akabaki hapohapo.

Utasema hiyo ni sifa. Ngoja. Tangu siku ile sina raha. Watu wanatoka vijiji vya mbali: "Mama, tuna msiba, tunaomba namba ya msomi." Ukoo mmoja wa Kihagara, kule ziwani, ulimtuma bodaboda apande milima yote ile kunifuata. Abdulmalik, huyuhuyu aliyeshika kofia, ameazimisha spika kubwa, akasema yeye hashiriki, anasaidia umeme tu. Na juzi bwana mmoja alikuja kuweka nafasi ya baba yake, ambaye asubuhi hiyohiyo nilimwona mnadani akichagua viatu.

6. Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo penye barua.

Siku ya mzee Edmund nilirudi nyumbani nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Nina presha, Profesa. Namshukuru Mungu kwa kila siku, lakini miaka minne ni mingi kwa mtu mwenye presha. Nikajiona mimi nimelazwa sebuleni, nimevishwa lile gauni langu la bluu, na pale mkekani, mahali pa mwanangu, imewekwa simu. Na mtandao wa huku mvua ikinyesha unakatika. Itakuwa inasema "Mama" halafu kimya, "Mama" halafu kimya, na Placidi anaitikisa. Na hata mtandao ukikaa vizuri, akishikwa na uchungu akanililia kwa hiyo lugha yenu, nani atamwitikia?

Sitaki kuliliwa na simu. Nataka aje kwa miguu yake, ajitupe chini, vumbi la kwetu limshike, kitambaa kimvuke kichwani, anigombeze mimi kwa yote niliyomkosea akiwa amenikaribia. Mlimfundisha kilio cha kuliza wenye nyumba. Basi mrudisheni kwenye nyumba.

Kwa hiyo naomba utekeleze mojawapo ya haya:

(a) Umfelishe, lakini kwa alama nzuri. Usimwangushe kwa aibu, maana baba yake bado anapita stendi. Akose kidogo tu, kiasi cha watu kusema ameonewa.

(b) Kama roho yako haikuruhusu, mwambie lugha imekwisha. Mwambie mmesoma yote, mmefika ukurasa wa mwisho, wanafunzi wote warudi makwao.

(c) Kama hilo nalo ni kinyume cha taratibu, ihamishie idara hapa Mapera. Tuna milima, mvua, Wakatoliki, na mabibi wabishi wa kutosha kila darasa. Bahari hatuna, lakini ziwa lipo ukishuka. Chama cha msingi kina ghala lisilo na kazi msimu wa kahawa ukiisha. Bibi Valeria amekubali kuwa mkuu wa idara, hakuna aliyemwomba. Wewe utakuwa msaidizi wake, na nakuonya mapema kwamba hutapepetewa maharage.

Nisalimie wafanyakazi wote wa idara, na wanafunzi wenzake. Msalimie sana yule bibi wa pwani aliyemlaza mwanangu na kumlisha viazi. Mwambie natamani tukae naye siku moja tutete, hata kama hatutaelewana. Placidi anakusalimu. Bibi Valeria anasema yeye haandiki salamu, anazirekodi.

Ni mimi, mzazi mwenzako katika mtoto huyu,

Edeltruda Ndunguru

N.B. Nilikuwa nimeshafika dukani kwa Abdulmalik aipige picha barua hii akutumie, Winifrida akapiga simu. Analia, na leo halii kimasomo. Anasema umemrudishia sura yote ya tasnifu aliyoiongeza kuhusu msiba wa mzee Edmund, umesema haina ushahidi wa kutosha, na asipoiandika upya hatafaulu.

Profesa! Barua sijaituma na wewe umeshaitekeleza? Nani amekutuma?

Ushahidi gani unautaka? Mimi nilikuwepo. Mjane yupo, muulize, naye akuulize wewe ulikuwa wapi. Katekista Nazari yupo tayari kuapa kwa Biblia. Bibi Valeria ameshafunga kilemba cha sherehe, anauliza uwanja wa ndege upo upande gani. Mtoto huyu hajarudia darasa tangu ajue kushika kalamu, aje aangushwe kwa jambo lililotokea hapa kwetu, watu wazima tukitazama? Na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Mbinga?

Yote niliyoandika hapo juu usiyasome. Kama umeshayasoma, yasahau. Mpe alama zake, na zikizidi usizikate. Hiyo miaka minne achukue, na akitaka mitano mpe mitano. Kuhusu kufa kwangu, nimemwambia Winifrida hivi punde kwenye simu: soma, mwanangu, mimi nitasubiri. Akacheka huku makamasi yanamtoka, nilimsikia.

Tafadhali nijibu upesi. Sitoki hapa dukani.